Futi Shingoni

Baiskeli mbili zinaning'inia dukani kwa Pazi,
Gerezani, kila moja na msumari wake.
Nyekundu ni ya mbio: usukani umejikunja kama pembe za beberu,
tairi jembamba, ningelipitisha kwenye tundu la sindano.
Ya pili ni ya kijivu. Pazi anaiita chotara.
"Mama yake wa lami, baba yake wa porini,
na hasira hakurithi kwa yeyote."

Nina miaka arobaini na mitatu
na sijawahi kupanda baiskeli.
Nilisema hivyo, nikacheka kabla hajacheka yeye.
Lakini miguu hii, Pazi, usiidharau:
miaka kumi na tisa inakanyaga cherehani
barazani kwa Mama Sikudhani, Kigogo Luhanga,
kanyaga, kanyaga, toka chai hadi taa.
Ukijumlisha maili zake tungekuwa tumeipita Dodoma,
na haijanifikisha hata Magomeni.

Lusajo, mteja wangu wa bukta za kubana,
ambaye kila Jumapili huenda Bagamoyo na kurudi
watu bado wanatafuta kandambili chini ya kitanda,
alishauri nyekundu.
"Chotara utaichoka, dada. Miezi mitatu tu.
Ukishaonja kasi utarudi hapa kulia."
Mapaja yake nimeyapima mwenyewe;
hayakujengwa kwa maneno.

Basi nikavua futi shingoni.
Nyekundu: tairi halifiki inchi moja.
Chotara: inchi moja na nusu, na unywele.
Pazi akauliza, unashona nini hapo?
Nikamwambia, njia.

Maana nguo huipimi yenyewe, unampima atakayeivaa.
Na njia yangu ina kokoto,
ina mtaro uliopoteza mfuniko,
ina tuta ambalo watu walilijenga wenyewe usiku,
bila kibali, baada ya mtoto wa Havijawa kugongwa.
Ina mchanga uliotoka Msimbazi na masika
ukajitandaza barabarani kama mwenye hati.
Kisha lami ya Mandela na malori ya bandarini
yanayopita karibu hadi gauni linataka kuyafuata.
Na nyuma yangu, sare ishirini za shule, za Tabata,
zimeshapigwa pasi.
Nyekundu haina keria, haina hata pa kufungia kamba.
Hariri ni hariri,
ila ovaroli hushoni kwa hariri.

Hata hivyo niliomba kuijaribu.
Jumapili, uwanja wa shule ya msingi,
Pazi ameshika tandiko, anakimbia nyuma anahema.
Nikainama kama inavyotaka.
Nikaona tairi, nikaona vumbi, nikaona vidole vyangu kumi.
Mkao ule ninaujua. Ni wangu, tangu asubuhi hadi usiku,
shingo chini, macho kwenye mshono.
Kwa sekunde nne hivi iliruka, sitasema uongo;
kitu kilifunguka tumboni kama zipu.
Halafu tukaanguka, mimi na yeye, na Pazi juu yetu.

Kwenye chotara mgongo ulinyooka.
Niliyumba kama mlevi wa harusi,
lakini niliona paa la shule, nikaona kunguru juu yake,
nikaona wanafunzi wawili ukutani wananicheka.
Nikawapungia mkono. Kosa. Tukaanguka tena.

Ilikuwa laki tatu na thelathini. Fedha ya kikoba,
niliihesabu mara mbili, ya pili polepole.
Nikadai kengele. Pazi akasema kengele ni elfu sita.
Nikamkumbusha zipu ya koti lake, ya mwezi wa nne, ya bure.
Akafunga kengele.

Sasa Lusajo hunipita Mandela kama risasi
na hupaza sauti, "Chotara!"
Namjibu kwa kengele, sina pumzi ya kutukana.

Juzi nilipita Gerezani kununua vifungo.
Msumari wa nyekundu ulikuwa mtupu.
Sikuuliza aliyeichukua.
Nilisimama kidogo, mguu mmoja chini,
mkono ukashika futi shingoni
kana kwamba kuna kitu cha kupima.